Jumanne ya Miezi Kumi na Mmoja

Kwa kadiri mashine ile ilivyojua, siku ilikuwa Jumanne na mwenye nyumba alikuwa hai. Ilikaa juu ya kabati la vyombo, kisanduku cheusi kisichozidi kitabu kwa ukubwa, na intaneti yote ya nyumba ilipita humo. Kila umeme ulipokatika, betri ya akiba iliibeba, mpaka juzi nayo iliposalimu amri. Umeme uliporudi alfajiri ya leo, kisanduku kilizinduka kikiwa na tarehe ya miezi kumi na mmoja iliyopita. Tangu hapo kila ukurasa uliofunguliwa ulikataliwa kwa neno moja: cheti chake cha usalama hakijaanza kutumika. Dunia nzima ilikuwa imefika mapema mno, na mashine haikumfungulia mtu mlango.

Mshonaji aliketi kwenye kiti cha cherehani akimtazama shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, akihangaika na kibodi ya kompyuta aliyoiunganisha na kisanduku. Alitazama tu. Tangu msiba hakuwa amelia wala kucheka. Alipinda suruali za watu, akapiga pasi, akalala. Majirani walisema ana moyo mgumu. Ugumu gani! Moyo ulikuwa umekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa kwa muda mrefu, naye hakuwa na haraka ya kuunyoosha.

"Simu yenyewe ni saa nne kamili, shemeji?" mwanamume akauliza.

"Saa nne. Nusu saa baadaye wanamwingiza chumba cha upasuaji."

Binti wa pekee wa mshonaji, aliyeolewa ng'ambo, alikuwa apasuliwe mtoto atolewe, maana presha ilikuwa imepanda vibaya. Asubuhi alikuwa ametuma ujumbe: "Sauti sitaki, Mama. Mwaka huu wote nakusikia ukiitikia tu. Nataka nikuone uso kabla hawajanilaza. Nisipoamka je?" Bondeni pale simu ya mkononi ilipokea ujumbe kwa kubahatisha, picha ilikuwa ndoto. Sasa ilikuwa saa tatu na dakika ishirini na tano.

Shemeji akajipiga paja. "Loo! Kaka yangu huyu, Mungu amrehemu, lakini njoo uone maajabu! Kazini alitufokea sote: mashine iulize saa kwa seva nne, yaani kompyuta za kutunza saa, moja ikiugua tatu zipo. Kwake mwenyewe kaweka moja. Na hiyo moja ni ile ya ofisini, aliyokuwa akiitunza kwa mikono yake."

"Alisema saa za watu haziaminiki."

"Haya, ile seva tuliizima wiki moja baada ya mazishi. Waya niliuchomoa mimi." Akaonyesha mistari iliyojipanga kwenye skrini. "Ona. Inauliza, haijibiwi. Inauliza tena. Muda wote huu imekuwa ikimwuliza yeye."

Mshonaji akaitazama mistari ile.

"Na hii Jumanne imetoka wapi?" shemeji akajiuliza. "Betri yake ya ndani, ile ndogo ya saa, nayo imekufa, kwa hiyo imerudi kwenye siku iliyozimwa vizuri mara ya mwisho. Nani aliizima?"

"Yeye. Alikuwa akiifuta vumbi."

Alianguka Alhamisi ya juma hilohilo, hakuinuka tena.

Shemeji aliandika majina ya seva nne mpya, akasubiri, akasonya. Akaandika tena, akasonya tena. "Kila jina inalikagua muhuri wa usalama, muhuri una tarehe, na tarehe yake ni ya uongo. Ili ijue saa ni lazima itoke nje. Ili itoke nje ni lazima ijue saa. Haiponi yenyewe. Ni lazima mtu aiambie kwa mkono."

"Niache niandike mimi," mshonaji akasema, na sauti yake ikamshtua mwenyewe.

Akaketi mbele ya kibodi. Jumanne ile mumewe alilalamika kwamba chai haina sukari, naye hakumjibu kwa sababu alikuwa amebana pini mdomoni. Ndivyo ilivyokuwa. Humo kisandukuni mtu yule alikuwa bado amesimama juu ya kigoda, kitambaa mkononi, akisubiri jibu la chai. Vidole vyake vilikataa kushuka.

"Shemeji, zimebaki dakika kumi na mbili."

"Leo tarehe ngapi?"

Shemeji alimtazama. Alifungua kinywa kutania, kama kawaida yake, akaghairi. "Tarehe tisa."

"Ya mwezi gani?"

Akamtajia, taratibu. Aliuliza na mwaka pia, akatajiwa. Akaandika tarakimu moja moja, kisha saa na dakika, akabonyeza. Mstari mmoja ukajitokeza, shemeji akausoma kwa sauti ya chini: saa imesogezwa mbele siku mia tatu arobaini na moja.

"Zote hizo?"

"Zote, shemeji."

Kurasa zikaanza kufunguka. Saa nne na dakika tatu simu ikaita, na uso wa binti ukajaa kiooni, kofia ya kijani ya hospitali imemfunika nywele, midomo imekauka. Shemeji akachukua koti lake akatoka uani.

"Mama! Umekonda."

Mshonaji alikuwa amejiandaa kusema yasemwayo na mama wote: usiogope mwanangu, Mungu yupo, mtaonana na mtoto wako. Kinywa kikafunguka, yakatoka mengine.

"Baba yako amekufa."

Siku ya msiba shemeji ndiye aliyepiga simu ng'ambo. Yeye hakuwahi kuitamka sentensi hiyo mbele ya mtu, hata mbele ya kioo. Akajishika mdomo. Nimefanya nini, na mtoto anakwenda kupasuliwa!

Binti hakushtuka. Machozi yalimtiririka yakaingia masikioni, maana alikuwa amelala chali.

"Najua, Mama," akasema. "Nilikuwa nakusubiri uniambie."

Hapo mshonaji akalia, kwa sauti, mbele ya mwanawe, bila kujifunika uso. Kule ng'ambo muuguzi aliyekuja kumchukua mgonjwa akaingia, akawatazama, akatazama saa ya ukutani, kisha akarudi nyuma na kuufunga mlango polepole.