Pembe Nne za Shuka

Mama alikubali kuja kwa sharti moja: asiambiwe apige makofi.

"Nitakaa, nitatazama, nitarudi kwangu," alisema, akivuta kiti hadi ukutani. "Nimekuja kuliaga jengo tu. Huko kurukaruka kwenu mimi sikuiti kazi."

"Sawa, mama," binti yake akajibu, akameza mengine yote.

Jengo lilikuwa la dobi. Humo mama alikunja mashuka ya hospitali tangu binti akiwa mgongoni hadi mashine zilipong'olewa; sasa zilibaki kuta tu, nazo zingebomolewa kesho. Kikundi cha binti kilikuwa na desturi ya kucheza dansi mahali palipoachwa na kupiga filamu papo hapo. Safari hii yeye ndiye aliyechagua mahali. Hakumwambia mtu sababu: miaka yote aliyocheza, mama hajawahi kuja kumtazama. Leo mama akiondoka bila neno, binti hatamwomba tena.

Mwenzake wa kucheza naye, jamaa mrefu waliyemwita Twiga, alikuwa chumba cha nyuma akibadili nguo. Mpiga kamera alikuwa ameshaifunga kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, anapima mwanga wa dirishani. Binti akaona bora anong'one. Ndivyo walivyoita kuupitia mchezo kwa mikono tu, polepole, ili mwili usichoke kabla ya wakati.

Akainua mikono, vidole vimeshika pembe mbili za shuka lisilokuwepo. Akalikung'uta. Akarudi nyuma, akalinyoosha, kisha akapiga hatua mbele kumpa Twiga pembe zake. Twiga hayupo. Mikono ikabaki hewani, inangoja.

Kiti cha mama kikakwaruza sakafu.

"We, litaburuzika hilo!" Mama alikuwa ameshafika. Akazipokea pembe zote mbili kwa vidole vilivyopinda, akarudi nyuma. "Kaza upande wako! Unalishika kama la kuazima."

Binti akakaza. Hakuthubutu kucheka, wala kulia. Wakasogeleana, wakaachana, wakasogeleana tena, na kila walipokutana vidole vyao viligusana. Mama alikuwa na mtindo wake wa kuyumbisha bega kidogo kabla ya kurudi nyuma. Binti aliujua mtindo huo. Aliucheza kwenye kila jukwaa alilowahi kupanda, akidhani ni wake.

Mama naye akaliona lile bega kwa binti. Akasimama.

"Hilo umelitoa wapi?"

"Mgongoni kwako."

Mama alilikunja shuka mara ya mwisho, akalipapasa likae sawa, akageuka kulipanga rafuni. Rafu haikuwepo tena, alama zake tu ukutani. Basi akalibeba kifuani, akabaki nalo hapo.

Mpiga kamera hakuwa amesogea. "Imeingia yote kwenye kamera," akasema taratibu.

Twiga akatokea mlangoni akifunga kifungo cha mwisho. "Jamani, nimechelewa? Mimi nasimama wapi?"

Mama akamtazama kuanzia juu hadi chini, na safari ilikuwa ndefu.

"Wewe mrefu, kakae kwenye kile kiti," akasema. "Mimi na mwanangu tuko kazini."

Akampa binti yake pembe mbili za shuka jipya.