Kitanda cha Fundi Lukeba

Fundi akikwambia "kesho", mwulize kesho ya nani. Mimi sikuuliza, na ninajilaumu mpaka leo.

Huyu Lukeba aliezua nyumba yetu Jumatatu. Fito zilikuwa zimeliwa na mchwa, sikatai, mimi mwenyewe ndiye niliyemwita. Akabomoa paa lote kabla ya adhuhuri, akala ugali wangu na ndagala, akasema, "Dada Sikujua, Jumatano mutalala chini ya nyasi mupya." Jumanne hakuja. Jumatano hakuja. Kumbe mkubwa mmoja mpya wa ofisini anataka baraza lake liezekwe apate kivuli cha kupokelea wageni, na fundi wangu amehamisha mpaka ngazi! Uhuru una miezi miwili tu, watu wameshajua nani wa kungojwa na nani wa kungoja.

Na ndani ya zile kuta zisizo na paa amelala mama yangu, Mwamini, mgonjwa wa pumu. Umande tu unamkohoza mpaka anashika ukuta. Mvua je? Mvua ingemuua.

Alhamisi asubuhi nilimfuata Lukeba kule barazani. Yuko juu, anafunga fito za watu.

"Fundi, mvua inakuja."

"Mvua gani, dada? Septemba ndiyo kwanza iko inaanza."

"Angalia ng'ambo!"

Hakugeuza hata shingo. Kiangazi chote milima ya Kongo ilikuwa imejificha kwenye vumbi na moshi. Asubuhi ile ilisimama wazi, unaweza kuhesabu mabonde yake. Mtoto yeyote wa Rumonge anajua maana yake. Fundi wa mapaa hajui? Anajua sana!

"Nikimaliza hapa nakuja," akasema. Nikamsadiki, mjinga mimi, nikaenda kazini.

Saa nane nilikuwa mchangani na jirani yangu Esha, tunageuza ndagala zetu juani, upepo wa ng'ambo ukaanza kuturushia mchanga machoni. Ziwa likawa jeusi. Kila mwanamke akakimbilia kukusanya samaki wake. Mimi nikaziacha zangu pale pale, nikakimbia nyumbani. Esha akanifuata, Mungu ambariki, naye akaziacha zake.

"Tumupeleke kwangu," akasema.

"Kwako? Kwani wewe ndiye uliyetuezua? Shika kitanda huko miguuni!"

Kitanda ni cha kamba, na mama mwenyewe amebaki mifupa. Tukakatiza mtaa mzima naye. Watu wakauliza, "Kuna msiba?"

"Bado," nikajibu, "lakini fundi anautafuta!"

Kadidja, mke wa Lukeba, alikuwa mlangoni anapepeta mchele. "Mama munamupeleka wapi?"

"Kwenye kitanda cha mume wako."

Akamtazama mama, akatazama mbingu, akaweka ungo chini. "Pitisheni. Jiko langu liko linavuja mwaka wa pili, naambiwa kesho. Na mimi nimechoka."

Tulikuwa bado tunamfunika mama shuka ya Lukeba mvua iliposhuka. Ilipiga saa nzima. Ndagala zangu na za Esha, kazi ya siku tatu, zikawa uji mchangani. Mama hakupata hata tone moja.

Jioni Lukeba akafika, amelowa chapachapa.

"Amahoro, mama," akasema, macho yamemtoka.

"Amahoro, fundi," mama akajibu kutoka kitandani. "Vua viatu, unachafua."

Mimi sikumsalimia. "Huna haya!" nikamwambia, mbele ya mkewe. "Ungemzika wewe? Ungetoa sanda wewe? Au mkubwa wako angetukopesha baraza tukakalie matanga?" Kadidja akamtupia mkeka, akamwonyesha jikoni.

Alfajiri Ijumaa alikuwa juu ya nyumba yetu, peke yake. Jumapili adhuhuri akamaliza, akaja kusimama mbele ya kitanda chake.

"Mama, nyumba iko tayari. Nikubebe?"

Mama akavuta shuka mpaka kidevuni. "Iko tayari kwa jua. Mimi sitoki hapa mpaka mvua iijaribu."

"Lakini mama, mbingu iko nyeupe! Mvua itarudi lini?"

"Kesho," mama akasema.

Ilirudi baada ya siku kumi na moja. Lukeba alizilala zote kwenye mkeka, na sikumhurumia hata siku moja.