Mpira wa Giaboksi

Shemeji yangu hung'arisha gari lake la kizamani mpaka unaweza kunyoa ndevu ukijitazama mlangoni, ila ya uvunguni hayajali. Alilileta gerejini kwangu akiwa na mkewe, dada yangu, akilalamika kwamba linagonga kila akibadilisha gia.

"Nani alilitengeneza mara ya mwisho?"

"Mimi mwenyewe," akajibu, kifua mbele.

Nikachungulia uvunguni. Mjuaji huyo! Mpira unaobeba giaboksi ulipokwisha, aliweka soli ya kandambili nyekundu akaifunga kwa waya. Nikainua giaboksi kwa jeki, nikaitoa takataka ile, nikafunga mpira mpya.

Dada akaiokota, akaigeuza.

"Kandambili yangu! Mwezi wa tatu huu simsemeshi mama yako nikidhani kaiiba, na wewe kimya!"