Jicho Lililozaliwa Juzi

Fundi wa macho ya bandia alitakiwa kutoa jibu kabla ya saa kumi, na kabla ya jibu hilo alikuwa na jicho la kumaliza. Kaka yake alikuwa kwenye benchi, ameilalia simu kama kuku anayeatamia. Kiwanda cha macho kilikuwa kinamtaka fundi, dada yake huyo, awe mkuu wa wapaka rangi: ofisi yenye kiyoyozi, gari, na macho yanayotoka kwa mafungu, saizi tatu, rangi nne, yeye kazi yake ni kupita akikagua.

"Hutashika tena hiyo brashi yenye unywele mmoja," kaka alimwambia, akidhani anamwahidi raha.

Fundi aliendelea kupaka. Moyoni alikwishakubali, na ndiyo maana mkono ulikuwa na haraka.

Mteja alikuwa bibi mmoja ambaye ugonjwa ulimchukulia jicho la kushoto, ukamwachia mdomo mzima. Fundi hakuwa akipaka jicho kwa kutazama picha. Alikuwa akikukalisha dirishani, goti kwa goti, akilitazama jicho lako zima mpaka uone haya. Siku ya kwanza bibi alivumilia kidogo tu, kisha akasema marehemu mumewe waliishi naye mpaka meno yakawatoka, na hakuwahi kumtazama hivyo hata mara moja. Angemtazama, naye angempikia vizuri.

Leo fundi alimwekea jicho kulijaribu, kabla ya kulifunika kwa lile tabaka la mwisho linalong'aa kama kioo. Kaka akasema safi sana. Bibi akashika kioo cha mkononi, akacheka mpaka mabega yakatikisika.

"Jicho hili limezaliwa juzi. Watu watasema nimemwibia mjukuu wangu."

"Bibi, nani atakuangalia kiasi hicho?" kaka akauliza kwa upole.

"Mimi, baba. Nimebaki nalo moja, na linaona."

Fundi akaona aibu. Akavuta kiti, goti kwa goti, akalitazama tena lile jicho zima. Kuizunguka rangi ya kahawia kulikuwa na duara la kijivu, jembamba, kama majivu yaliyopulizwa yakatua yenyewe. Ndani yake vidoa vya asali, na karibu na mboni ufa mdogo mweusi. Vyote vilikuwepo tangu siku ya kwanza. Yeye alikuwa amepaka jicho la mtu yeyote tu. Uzee wote ule, vilio na vicheko vyote, vimekaa mahali padogo kuliko kifungo cha shati, na hakuna mwingine duniani aliyepewa jicho kama hilo.

Akamsahau kaka. Akasahau saa. Akalitoa lile la bandia, akalipaka duara, akatia vidoa, akalaza nyuzi nyekundu za hariri, mmoja mmoja, ziwe mishipa ya damu. Akalifunika kwa lile tabaka, akalichemsha ligande, akaling'arisha, bibi akikoroma kitini bila wasiwasi wowote.

Likaingia mahali pake. Kaka aliinama kumuaga bibi, macho yake yakaenda kulia, yakarudi kushoto, yakaenda tena kulia.

"Chagua lolote," bibi akamwambia. "Yote yanakusikia."

Simu ikaita. Fundi akaichukua kwa vidole vyenye rangi, akashukuru kwa adabu, akasema kazi hiyo hataiweza. Upande wa pili walimuuliza sababu.

"Huko nitakagua macho," akasema. "Hapa nawatazama watu."

Kaka alikuwa na maneno mengi ya kusema, fundi aliyaona yamejipanga usoni. Lakini bibi alipoondoka, akitembea taratibu ili aonekane vizuri, kaka alikiburuta kiti chake mpaka dirishani, akakaa goti kwa goti.

"Hebu na mimi," akasema. "Yangu yakoje?"

Walikuwa wamelelewa kitanda kimoja, wamegombana, wamezika wazazi pamoja. Fundi akamwinamia. Kwenye jicho la kulia la kaka yake, chini kabisa, palikuwa na kipande kidogo cha rangi ya dhahabu ambacho hakuwahi kukiona maishani mwake.

"Usipepese," akamwambia, akasogea karibu zaidi.