Usingizi wa Doña Eneida

Kifaa kilisema Doña Eneida halali. Mwenyewe alisema analala kama mtoto aliyenyonya akashiba. Katikati yao alikuwa Daktari Nidia, mtafiti wa sonona na usingizi, na ilimpasa aamue kufikia Jumatatu: mama huyu aendelee na tiba nyumbani kwake Tixkokob, au akalazwe hospitali kule Mérida.

Kulazwa ndiko alikokuogopa Doña Eneida.

"Huko hakuna bembea za kulalia, watu wanalazwa vitandani," alisema, "wamenyooshwa kama maiti."

Tiba yenyewe haikuwa na makuu: dawa kidogo, kuamka saa ileile kila siku, kukaa uani kwenye jua la asubuhi. Na mkononi, kifaa cheusi mfano wa saa, kinachohesabu mitikisiko tu. Mkono ukitulia, mtu kalala. Ukitikisika, yu macho. Wa Doña Eneida ulitikisika usiku kucha.

Lakini Nidia naye ana macho. Mwanzoni alimkuta mama huyu hajachana nywele, midomo imekauka, anasema heri asiamke tena. Leo kampokea mlangoni nywele zimesukwa, gauni jeupe la maua ya kutarizi limepigwa pasi, na mezani kuna chapati za mahindi zilizokunjiwa mayai na kumwagiwa mchuzi wa mbegu za maboga. Mbegu kazikaanga na kuzisaga mwenyewe. Asiyelala anapata wapi nguvu hizo?

"Labda kifaa chako kinasema uongo, Daktari," alisema mumewe, Don Wilberth.

"Wewe kula, mzee. Mwache mwenzio na kazi yake."

Walipomaliza, Nidia akaomba akae awatazame wanavyolala mchana.

"Uje kutazama wazee wakikoroma?" Doña Eneida akacheka. "Mwanangu, kwani huna mchumba?"

Nidia alizaliwa mji uleule, akalelewa ndani ya bembea za nyuzi za kulalia kama watu wote wa huko. Ndiyo maana hakuwahi kuuliza za wazee hawa zimefungwaje. Sasa aliketi kigodani akaona: upande wa kichwani, bembea zote mbili zilining'inia kwenye kulabu moja ukutani.

Doña Eneida alilala papo hapo, mdomo wazi, mkono wenye kifaa ukining'inia nje. Don Wilberth alijilaza, akainua kichwa akamchungulia mkewe, akajilaza. Punde akainuka tena. Kila alipoinuka kamba zilivutana, bembea ya pili ikayumba, na ule mkono ukayumba nayo. Mwenye mkono wala hakushtuka.

"Don Wilberth," Nidia akanong'ona, "mbona hulali?"

"Nalala."

"Usinidanganye, mzee wangu."

Mzee akamchungulia tena mkewe. "Alisema heri asiamke. Tangu hapo nasikiliza kama anapumua. Nisipomsikia, nainuka nimwone."

"Kila usiku?"

"Ng'ombe haelemewi na nundu yake, binti."

"Ng'ombe mzee mpumbavu!" Sauti ilitoka bembea ya pili. Doña Eneida alikuwa ameamka, lakini macho kayafumba bado. "Si nilikwambia naendelea vizuri? Hukusadiki?"

"Mimi nilisadiki, Nei. Masikio ndiyo yamekataa."

Nidia akamweleza: ahamishe bembea yake ukuta wa pili, mke atulie, na yeye alale. Don Wilberth akatikisa kichwa. Kule ni mbali, hatamsikia. Akabembelezwa, akakataa, akatishiwa na mkewe kunyimwa chakula, akakataa.

Hapo Doña Eneida akashusha miguu chini, akajifunga mtandio.

"Basi, Daktari, nipeleke hospitali. Nikiwa mikononi mwa wauguzi, huyu atalala."

Don Wilberth alimtazama usoni, akaona hatanii. Akainuka bila neno, akafungua kamba zake, akaenda kuzifunga ukuta wa pili huku akiguna kama jungu la maharagwe, kisha akajilaza.

Mkewe akamfuata na kigoda. Akaketi kando yake, akaisukuma bembea kwa kidole cha mguu, taratibu, huku akihema kwa sauti kubwa ili mzee asikie. Haukupita muda, Don Wilberth akaanza kukoroma.

Nidia alitoka kwa kunyata. Alipofika uani akapiga simu Mérida, akawaambia wenzake kile kitanda walichomwekea Doña Eneida wampe mgonjwa mwingine.