Nani Alimwambia Albamu?

Wenzake kazini walimwita Darubini, naye hakuchukia. Alikuwa mkaguzi wa madai katika kampuni ya bima: kazi yake ilikuwa kwenda nyumbani kwa mtu aliyepata hasara na kuangalia kama hasara yenyewe ni ya kweli. Mtu angesema televisheni yake imeharibiwa na maji ya paa. Darubini angempa pole, angeomba glasi ya maji, halafu angepitisha kidole nyuma ya ile televisheni na kukuta vumbi kavu limejilalia pale tangu mwaka jana. Hakugombana na mtu. Alimaliza maji yake, akaaga.

Ubaya wa jicho la namna hiyo ni kwamba halina swichi. Mumewe, mpima ardhi, alirudi nyumbani siku moja kiatu kimoja kina tope na kingine kisafi, akahojiwa mpaka chai ikapoa. Siku nyingine ilikuwa harufu ya sabuni isiyo ya nyumbani. Mara ya mwisho hata Darubini mwenyewe hakukumbuka ugomvi ulianzia wapi. Mume alikunja mashati yake bila haraka, akasema, "Nimechoka kuwa mdai ndani ya nyumba yangu," akahamia kwa rafiki yake. Kazini Darubini alisema mume amesafiri kikazi. Wapima ardhi husafiri. Hakuna aliyeuliza zaidi.

Ni katika majuma hayo ndipo alipoletwa mtunza mafaili mpya kutoka tawi jingine, mwanamke mrefu, mpole, mwenye hedifoni kubwa zilizomkaa shingoni kama kola. Alisikiliza kila albamu mpya iliyotoka, za pop na za rock, na alikuwa na kipaji cha kuwachagulia watu wasio na habari na muziki. Hakukuchosha na majina ya wapiga gitaa wala historia ya bendi.

"Wewe huna muda," alimwambia mhasibu. "Basi anza na wimbo wa pili. Wa nne uruke, huyu bwana siku hiyo alirekodi na njaa. Wa mwisho usikilize ukiwa unaosha vyombo, utashtukia vimeisha."

Kisha alikutumia linki, akarudi kwenye mafaili yake. Watu ambao kwa miaka walisikiliza taarifa ya habari na adhana ya simu zao tu wakaanza kuimbaimba kwenye foleni ya mashine ya kopi. Akaitwa Albamu.

Wa kwanza kuingiwa na wasiwasi alikuwa Shemeji. Huyu alikuwa karani wa malipo, na alikuwa amemwoa mdogo wake Darubini. Kwa kuwa Darubini alimwita shemeji, ofisi nzima ikamwita Shemeji, hata wanaume ambao hawakuwa na dada wa kumwoza. Alimfuata Darubini kwenye kijichumba cha chai cha ofisi, akafunga mlango.

"Dada, yule mwanamke ananijua."

"Anakujua vipi?"

"Kanitumia albamu. Bendi ya vijana, magitaa matupu, inaitwa *Mguu Huku Mguu Kule*. Nyimbo karibu zote ni za mtu anayebeba maneno kati ya nyumba mbili, na kote kote hawamwamini. Nimeisikiliza mpaka shati limeloa."

"Kwani wewe unabeba maneno gani?"

Shemeji alikoroga chai ambayo hakuwa ametia sukari. "Mambo ya nyumbani tu, dada. Nachouliza ni, kajuaje?"

Kama angekuwa mteja, Darubini angekitazama kile kijiko kinachozunguka bure. Lakini huyu alikuwa ndugu, na akili yake ilikuwa imeshakimbilia chumba cha mafaili.

Baadaye mhasibu naye akanong'ona. Alikuwa anapanga kuacha kazi na hakuwa amemwambia mtu hapo ofisini. Akaletewa albamu ya pop ambayo kiitikio chake kinarudia, nafunga mlango polepole, nafunga polepole. "Nimecheka," mhasibu alisema, "halafu nikaacha kucheka."

Kisha ikafika zamu ya Darubini. Linki ilikuja na maneno machache: *Si ya kelele. Sauti moja, gitaa moja. Wimbo wa tatu ndio wenyewe.* Aliusikiliza akiwa peke yake sebuleni. Mwanamke mwenye sauti nzito aliimba kuhusu mke anayelala upande uleule wa ukutani ingawa kitanda chote sasa ni chake. Darubini aliizima simu, akainuka, akahakikisha mlango umefungwa. Halafu akajiona mjinga, akaufungua, akaufunga tena.

Ofisini kulikuwa na uvumi wa kupunguza wafanyakazi, na uvumi ukikosa chakula hula chochote. Shemeji ndiye aliyeusukuma zaidi. "Bosi kamleta huyu atuchimbe. Anakupa muziki, unalegea, anakusoma usoni. Kikulacho ki nguoni mwako, dada. Twende tukamwambie bosi tumemgundua."

"Bila ushahidi siendi popote."

Alifanya kazi yake kama anavyofanya siku zote. Alimtazama Albamu akipita: hakuzubaa kwenye meza za watu, hakuchungulia simu ya mtu, chakula cha mchana alikula peke yake katikati ya makabati, hedifoni masikioni. Akawauliza wenzake, kimzaha, siri zao wamezisemea wapi. Jibu likawa moja kwa wote, hata kwake mwenyewe. Ofisi ilikuwa ukumbi mmoja wa meza zilizobanana, hivyo mwenye jambo lake alitokea mlango wa nyuma, akasimama kwenye ngazi za dharura, akapiga simu huko. Darubini alikuwa amesimama pale mara kadhaa kumpigia mumewe. Mara nyingine simu ilipokewa. Mara nyingi ililia tu.

Hakumwambia Shemeji alichokigundua. Mtego hauonyeshwi kabla haujanasa, hata kwa ndugu.

Alitoka kwenda ngazini saa za kazi, akaweka simu sikioni bila kumpigia mtu yeyote, akaanza kulia kwamba mama yake amefariki. Mama yake alikuwa mzima kabisa, na asubuhi ile alikuwa amempigia kumsengenya jirani. Moyoni Darubini alimwomba radhi. Lakini mdomo ulipofunguka kilio kilikuja kizito kuliko alivyokipanga, kikagonga kuta za ngazi chini mpaka juu, na alipotaka kukikatisha kikakataa. Alirudi mezani macho mekundu, akijishuku mwenyewe.

Kesho yake Albamu alikuja mezani kwake, hedifoni mkononi kama mtu aliyevua kofia.

"Dada, pole sana na msiba wa mama." Akasita. "Nimekutumia albamu. Si ya majonzi, ni ya kurukaruka tu, magitaa na makofi. Usiifungue sasa. Siku utakayoweza."

Darubini aliweka kalamu chini. "Mama yangu mzima."

Albamu alizishika hedifoni kwa mikono miwili. Uso wake ulibadilika pole pole, kama wa mtu anayeona kwamba ngazi aliyokanyaga haipo.

"Sasa nionyeshe," Darubini alisema kwa sauti ile ya upole aliyowasemesha nayo wenye televisheni, "unatusikilizia wapi."

Walipokuwa wakielekea chumba cha mafaili, Darubini alimpa Shemeji ishara kwa kichwa: tumempata. Shemeji alishusha pumzi kama gurudumu lililotobolewa. Akachukua simu yake mezani, akaelekea mlango wa nyuma.

Chumba cha mafaili hakikuwa na dirisha. Albamu alisogeza maboksi ya rafu ya chini. Ukutani palikuwa na tundu la hewa, upana wa sinia, lililozibwa kwa wavu wenye kutu.

"Ngazi ziko nyuma ya ukuta huu," alisema. "Nililikuta. Nimeomba lizibwe tangu siku za mwanzo, nikaambiwa fundi atakuja. Mtu akiongea pale, ni kama ameketi humu na mimi."

"Ukaamua kusikiliza."

"Ningetaka kusikiliza ningenunua hizi za nini?" Akainua hedifoni. "Mtu akianza, navaa, nafungulia albamu ninayoipata, naongeza sauti mpaka amalize. Ila kabla sijavaa, sentensi moja mbili zimeshaingia. Zikiingia hazitoki."

"Na hizo albamu? Mhasibu na mlango wake? Mimi na..." Darubini hakumalizia.

"Sijawahi kumchagulia mtu jambo lake. Nawapa ileile iliyokuwa inanizibia masikio mlipokuwa mnaongea. Wewe ulipokuwa unamwomba mumeo apokee simu, mimi nilikuwa na yule mwanamke na gitaa lake. Muziki mnausikia nyinyi wenyewe, kila mtu na lake." Akashika ukingo wa rafu. "Nimemsikia mtu analia. Kama si msiba, siwezi kumwambia nimemsikia. Nitampa nini?"

Darubini alikuwa bado analipima jibu hilo, akilipapasa kwa nyuma kama kawaida yake, mlango wa ngazi ukalia. Nyayo. Kisha sauti ya Shemeji, wazi kabisa, kana kwamba anaongea na maboksi.

"Haloo, kaka."

Mara moja Albamu alimvisha Darubini hedifoni, akabonyeza simu. Ngoma na magitaa vikamjaa kichwani. Albamu mwenyewe, kwa kuwa hakubakiwa na kitu, aliziba masikio kwa viganja, akafumba macho, akaanza kuvumisha wimbo kwa pua kama mtu anayembembeleza mtoto.

Darubini alimtazama. Hapo ndipo alipomwamini. Lakini mkono wake ulikuwa umezoea kazi nyingine. Ukanyanyua hedifoni upande mmoja.

"...hapana, hajui kitu. Wanamshuku mwingine kabisa, mimi nimepona... Anakula, ndiyo. Jana alikula mkate nusu... Kakonda kidogo. Kaka, mimi nasema rudi nyumbani, wewe unaniambia niendelee kumtazama. Mpaka lini? Mke wangu akijua nakupelekea habari za dada yake nitalala nje."

Darubini alivua hedifoni, akaziweka juu ya boksi taratibu. Alipita ukumbini bila kumwangalia mtu, akafungua mlango wa ngazi. Shemeji alikuwa ameketi kwenye kidato. Alipomwona alisimama, akakaa, akasimama tena.

"Lete simu."

"Dada, mimi nilikuwa na nia nzuri tu..."

"Najua. Lete."

Aliiweka sikioni. Upande wa pili mumewe alikuwa anauliza, haloo, umepotea?

"Ni mimi," alisema.

Mahali fulani nyuma ya mumewe mtu alikuwa anapiga nyundo.

"Umejuaje?" mume aliuliza.

Maswali yake yote yalikuja kwa pamoja, yamejipanga mdomoni: tangu lini, mara ngapi, kwa nini yeye, ulitaka kujua nini. Aliyameza, na hayakuwa na ladha nzuri.

"Nimesikia tu. Unakula wapi mchana siku hizi?"

"Hilo ni swali la mkaguzi au la mke?"

"Sijui bado," alisema Darubini, na ulikuwa ukweli mtupu.

Mumewe alikuja mwishoni mwa wiki kuchukua koti la mvua, akanywa chai, akaondoka. Wiki iliyofuata alikuja bila kuwa na kitu cha kuchukua. Aliketi kwenye ukingo wa kochi kama mgeni, viatu vyote viwili vina tope, akamtazama mkewe aone atasema nini. Mkewe alileta sukari. Mambo hayakunyooka kwa siku moja, lakini mlango ulikuwa umefunguliwa kutoka pande zote mbili. Shemeji naye alilala nje kweli, nje ya chumba chake, sebuleni, kwa sababu mdogo wake Darubini hakupenda kuwa wa mwisho kujua.

Tundu la hewa lilizibwa kwa ubao; Darubini ndiye aliyemleta fundi na kumsimamia mpaka msumari wa mwisho. Bosi hakuwa na habari ya lolote. Lakini neno lilikuwa limeshatembea kwamba Albamu alikuwa anasikia simu za watu. Darubini alipita meza hadi meza akieleza jinsi ilivyokuwa. Watu walitikisa vichwa, wakasema ndiyo, ndiyo, na bado waliendelea kwenda kupigia simu barabarani, karibu na jenereta. Linki hazikufunguliwa tena. Mfanyakazi mgeni alipomuuliza Albamu asikilize nini, alijibu kwamba siku hizi hafuatilii.

Darubini alisikia jibu hilo. Mchana akamfuata katikati ya makabati.

"Mume wangu hajui muziki," alisema. "Hapendi kelele, lakini nyimbo za kubembeleza zinamtia usingizi. Nimtafutie albamu gani?"

Albamu aliteremsha hedifoni shingoni. Alimtazama kwa muda mrefu, kwa jicho ambalo Darubini alilijua vizuri sana. Mara zote lilikuwa lake.

"Unataka kujua nini, dada?"

"Albamu tu."

"Albamu tu?"

"Albamu tu."

Yule mwanamke alifunga faili lililokuwa mapajani mwake, akalirudisha kwenye rafu, akalinyoosha lilingane na mengine.

"Nitafikiria," alisema.