Kulia Njo Kazi

Mwaka wa 1968 karani mmoja pale Masisi aliandika maneno mawili katika buku langu la utambulisho, na hata leo nikiyakumbuka natamani kumrudia nimkung'ute. Aliandika: bila kazi.

Mimi Epiphanie, binti Anne wa Kingi, bila kazi. Nilikuwa nimesimama mbele ya watu miaka minne. Naweza kuwa kizee asubuhi na bibi harusi mchana, na wewe uliyekaa benchi la mbele utaapa kwamba umeona wanawake wawili. Michezo kumi na minne nilikuwa nayo kichwani, neno kwa neno, maana karatasi za Papa Callixte, mkubwa wa kundi letu, zililiwa na panya na hatukuwa na nakala nyingine. Kabla mama hajaenda kwenye maharagwe yake mimi nilikuwa nimeshaamka, niko nyuma ya nyumba nanoa sauti, mpaka mbuzi wa jirani wakanizoea. Karani, jina lake Grégoire, alinitazama kuanzia kitambaa cha kichwa hadi vidole vya miguu, akauliza shamba langu liko wapi. Nikasema silimi. Akauliza mume wangu anafanya nini. Nikasema sina mume. Akachovya kalamu.

“Niko comédienne,” nikamwambia, yaani mwanamke wa jukwaani. “Andika vile.”

“Ile haiko kazi, dada. Ile iko muchezo.”

Ubaya wote ulianzia hapo, kwenye neno hilo. Watoto wanaopiga mpira wa majani ya migomba wanacheza. Walevi wa harusini wanacheza. Na sisi tunaomwaga jasho mpaka nguo zinagandamana mgongoni, nasi eti tunacheza. Callixte aliwahi kutangaza kwamba tuitwe waigizaji, watu wakauliza kama ni dini mpya na kama inakataza pombe.

Huyo Callixte ndiye aliyetuanzisha. Alikuwa mwalimu wa misheni, ana mshahara, ana nyumba ya mabati, akaviacha vyote kwa ajili ya kundi la watu wanne: yeye, mimi, na Evode na dada yake Drocella kutoka Muheto. Wao nyumbani kwao wanasema Kinyarwanda, mimi kwetu ni Kihunde, na vita ya miaka michache nyuma ilikuwa imewafanya watu wa pande hizo mbili wapitane sokoni bila salamu. Lakini Evode akiwa mume wangu mchezoni, nikimkimbiza na mwiko, walikaa benchi moja wakicheka na kupigana mabega. Kama hiyo si kazi, basi na mganga wa hospitali anacheza.

Nitasema tulivyotendewa, na anayetaka kukasirika akasirike. Padri alitupa ukumbi wakati wa Pasaka tu, tena kwa mateso ya Bwana, na Yuda lazima awe Callixte kwa sababu aliiacha shule yao. Akija mkubwa wa serikali, tunaitwa kando ya barabara tangu alfajiri tumwimbie, jua litupige, gari lipite na vioo vimefungwa, kisha tunaambiwa hiyo ni heshima. Na raia wenyewe, ndugu zetu, wanakuja na bakuli la maharagwe, wanakaa mbele, wanacheka mpaka machozi yanawatoka, halafu njiani wanaulizana mtu mzima anajipaka majivu usoni kwa sababu gani kama si uvivu. Siku hizo hizo utawasikia wakilalamika kwamba théâtre, michezo ya jukwaani, imekufa, kwamba zamani ilikuwa nzuri. Imekufa kwa ugonjwa gani? Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni.

Ndipo ikaja barua kutoka Walikale. Kambi moja ya machimbo ya bati ilikuwa na ukumbi wa wafanyakazi, wakatutaka kwa kiangazi kizima: mchezo kila Jumapili, nyumba ya kulala, chakula. Callixte aliisoma mara tatu kwa sauti. Halafu akaikunja, akatuambia bila kuzunguka kwamba safari hii ikishindikana anaacha michezo, anashika jembe. Alikuwa na watoto sita na mke aliyevumilia kupita kiasi. Bila Callixte hakuna kundi, na bila kundi mimi ni nani?

Sasa, kutoka Masisi kwenda Walikale siku zile kulitaka karatasi ya njia yenye muhuri. Karatasi ya njia hapewi mtu asiye na kazi, kwa sababu mtu asiye na kazi akionekana njiani anahesabiwa mzururaji na anakamatwa. Maneno mawili ya Grégoire yalikuwa yametufungia barabara sote, maana wenzangu nao aliwaandika vilevile. Tulirudi ofisini kwake mara tatu. Mara ya kwanza alituambia kwamba orodha ya kazi imetoka juu, kuna mulimaji, muchuuzi, fundi, mwalimu, na sisi hatumo. Mara ya pili alimshauri Callixte aandikwe mwalimu tena, Callixte akakataa kusema uongo mbele ya muhuri. Mara ya tatu hakutoka nje.

Juma lililofuata mama yake Grégoire akafariki huko Lushebere.

Alikuja kwetu Kingi mwenyewe, kwa baiskeli, koti limechafuka matope. Mama akampa kiti. Alieleza akiangalia chini kwamba dada zake wameolewa mbali, upande wa Bukavu, hawatafika kabla ya maziko, na nyumbani hakuna mwanamke wa kufungua kilio. Mama yake akizikwa kimya, watu watasema alizaa jiwe. Alikuwa ameniona katika mchezo wa mjane, pale soko la Lushebere, siku ile niliyowaliza hata polisi. Akaniomba niende nimlilie mama yake namna ile ile.

Damu ilinipanda. Nilimwambia nitakwenda akiandika kazi yangu kwanza. Mama akanifinya mkono kwa nguvu. Grégoire akajibu kwamba hayo si maneno ya mbele ya msiba, na alikuwa na haki, na nilimchukia zaidi kwa kuwa na haki.

“Mama yangu amekufa, dada,” akasema.

Nikaenda. Asinisifu mtu, nilikwenda na hasira yangu kama mwanamke anayebeba kaa la moto kwenye kigae kutoka kwa jirani.

Uwanja ulikuwa umejaa watu. Mama Verdiane, ndilo jina la marehemu, alilazwa kwenye mkeka mlangoni. Kwetu anayelia hakatwi maneno. Anachomwambia maiti atakisema mpaka mwisho, hata kama anamtukana mtemi, kwa kuwa ukimkata umemfungia aliyekufa njia. Kila mtoto analijua hilo, na Grégoire, pamoja na Kifaransa chake chote, alilijua pia.

Nilianza vizuri. Nilifanya kazi yangu. Nililia miguu ya yule mama iliyopanda mlima na mzigo wa mihogo, nikalia chungu chake kilichokuwa hakimnyimi mgeni, nikalia jembe lake lililoegemea ukuta. Wanawake wakapokea, uwanja mzima ukapasuka. Grégoire alijifunika uso kwa kofia, mabega yanamruka. Nilimwona, nikamhurumia kidogo, na huruma ile haikunizuia. Nikapiga magoti karibu na kichwa cha marehemu.

“Mama Verdiane, usinikasirikie,” nikasema kwa sauti ya kilio, kila mtu anasikia. “Mutoto wako aliandika mu buku yangu kama mie sina kazi, niko nacheza tu. Leo njo ameniita nikulilie. Sasa umuulize weye mwenyewe. Hapa mbele ya mwili yako, niko natumika ao niko nacheza?”

Vilio vikakoma kimoja kimoja. Nilibaki nimepiga magoti, nangoja jibu, kichwa nimekiinamisha. Hakuna aliyethubutu kuninyanyua. Kama nilikuwa nacheza, basi Grégoire amemleta mchezaji amchezee mama yake mautini, na aibu hiyo isingemtoka mpaka wajukuu. Kama nilikuwa natumika, yaani nafanya kazi, lilikuwepo neno moja tu la kusema, nasi tulikuwa tumelitafuta ofisini kwake mara tatu. Aliteremsha kofia, akamtazama mjomba wake, mzee mwenye fimbo aliyekaa karibu na mlango.

“Umujibu,” mjomba akasema.

“Unatumika, dada,” Grégoire akasema kwa sauti ndogo. Mjomba akagonga fimbo chini, naye akapandisha sauti. “Unatumika. Kulia njo kazi yako.”

Nikaendelea. Nilimlilia yule mama mpaka sauti ikakauka, maana yeye hakuwa amenikosea kitu.

Jumatatu Grégoire alituita sote wanne ofisini. Mabuku yalikuwa yamepangwa mezani, na karatasi ya njia iko tayari, muhuri umeshapigwa. Nilifungua langu kwa furaha. Maneno mawili yalikuwa yamekatwa kwa mstari wa rula, na juu yake, kwa mwandiko mzuri sana, ameandika pleureuse. Maana yake mwanamke wa kulia kwenye misiba. Nikachukua buku la Callixte: pleureur. Evode vilevile, Drocella vilevile. Na karatasi ya njia ilisema watu wanne wa kulia wanakwenda Walikale kwa kazi yao.

“Nilisema mbele ya watu kama kulia iko kazi,” Grégoire akasema, bila hata kucheka. “Sikusema kama théâtre iko kazi. Na kile nilisema, nimeandika.”

Nilitaka kumwagia wino. Nilimwambia Callixte turudishe hayo makaratasi, tukae Masisi tuone nani atachoka kwanza. Aliyashika mabuku yale manne muda mrefu. Mwanaume wa miaka arobaini na mitano, aliyefundisha nusu ya makarani wa ofisi ile kusoma. Akayatia mfukoni, akasema tutakwenda.

Tulipanda lori la maharagwe. Mpakani mwa Masisi na Walikale, kabla barabara haijashuka msituni, kulikuwa na kizuizi cha mwanzi na askari watatu. Mmoja alichukua karatasi yetu, akaisoma polepole, midomo inatembea. Akauliza nani amekufa Walikale. Callixte akajibu kwamba tunakwenda kambini kwa kazi. Askari akawaonyesha wenzake, wakacheka, akasema hajawahi kuona wanaume wa kulia, na kwamba siku hizi wapelelezi wanapita na karatasi za kila namna.

“Mulie nione,” akasema. “Kama iko kazi yenu, mulie.”

Dereva akazima gari. Evode alijaribu, akatoa sauti ya mtu mwenye kikohozi. Drocella aibu ilimshika, akaanza kucheka ndani ya kitenge. Na mimi, mimi niliyewaliza polisi wa Lushebere, nilitafuta chozi moja sikulipata. Hasira ilikuwa imenikausha. Nilisimama namtazama yule askari machoni, na Callixte aliona kwamba nikifungua mdomo tutalala ndani.

Akavua miwani yake, akanipa nimshikie. Akasimama barabarani, mikono imening'inia tu. Hakujifunika uso, hakupaza sauti. Machozi yakaanza kushuka, kisha kifua kikamruka, akatoa mlio nisiokuwa nimewahi kuusikia katika mchezo wowote. Sisi tulikuwa na ishara yetu: mtu anapomaliza kipande anainua kidevu kidogo, ili tujue zamu imehama. Niliisubiri ishara ile. Drocella aliacha kucheka. Nikaendelea kuisubiri, na kidevu hakikuinuka.

Askari alipiga makofi.

“Huyu njo anajua kazi,” akawaambia wenzake, akainua mwanzi.

Nilimwita yule askari mbwa. Sijui kama alisikia, gari lilikuwa limeshawashwa. Callixte alipanda, akanyoosha mkono nimrudishie miwani, akaivaa, na lori likashuka msituni.

Jumapili ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Tulicheza mchezo wa mjane, ambamo baba mkwe, sehemu ya Callixte, anamlilia mwanawe kabla ya pazia kufungwa. Alipofika pale aliruka kilio chote. Alitamka maneno yanayofuata, kwa sauti safi, kama mistari ile haikuwahi kuandikwa, nami nikalazimika kumkimbilia na jibu langu. Watu walishangilia sana. Tulicheza kiangazi kizima, na kila Jumapili ya mchezo huo aliruka mahali palepale.